Mvua kubwa na bustani ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli inapozidi kipimo. Majibu yametoka kwenye bustani ndogo ya nyuma ya nyumba Dar es Salaam, kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji kama bakuli. Anayelima kichanga cha Kigamboni au kwenye miinuko ya Lushoto atakuta tofauti, nami nimejaribu kuzitaja kila zinapokuwa na maana.

Mvua imekatika asubuhi hii na bustani ni tope tupu. Nianzie wapi?

Anzia ukingoni, na ubaki hapo hapo kwa muda. Najua roho inavyouma ukiona nyanya zimelala kifudifudi, lakini ukikanyaga tuta lililolowa unaushindilia udongo, na vile vinafasi vidogo ambavyo hewa ilikuwa ipite vinafungwa. Nyayo za leo utaziona Julai, pale udongo utakapokauka ukawa kama tofali.

Angalia maji yamelala wapi na yangependa kuelekea wapi. Chukua jembe, ukiwa umesimama kwenye njia, uchimbe kijifereji cha kuyatoa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na siku hiyo inaweza kuwa ndiyo kazi pekee ya maana. Ikikulazimu uingie ndani, laza ubao ukanyage juu yake.

Maji yakishaanza kutoka, chuma kilichoiva au kinachokaribia kuiva. Mimea iliyolala iinue taratibu uifunge kwenye vijiti vya kuegemeza, na usiulazimishe unyooke wima siku hiyo hiyo shina lililoinama sana, kwani litakatika. Majani yaliyopakwa tope yamwagie maji safi kidogo kidogo, maana tope likikaukia juu ya jani huzuia mwanga na hubeba vimelea vya udongoni. Mengine yote, yakiwemo mbolea, dawa na kupogoa, yasubiri.

Utajuaje kuwa udongo uko tayari kuguswa? Chota wa kina cha kidole, ufinyange kiganjani kama tonge. Ukigusa tonge hilo kwa kidole likabonyea tu na kung'aa maji, ondoka. Likivunjika vipande vipande, ingia ufanye kazi.

Mmea uko kwenye maji lakini umenyauka kama una kiu. Inawezekanaje?

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye bustani alielewe, kwa sababu makosa mengi baada ya mvua hutokana na kutolielewa. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni kama sisi, na oksijeni hiyo iko kwenye matundu madogo ya udongo. Maji yakiyajaza matundu hayo, hewa mpya haifiki tena, kwa sababu oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani. Mizizi na vijidudu vya udongoni humaliza ile iliyobaki, kisha mizizi inashindwa kazi yake ya kufyonza maji. Juu, jani linaendelea kupoteza maji juani. Basi linanyauka, huku miguu imezama.

Mtu akiona hivyo hukimbilia ndoo amwagilie. Tafadhali usifanye hivyo. Mama mmoja wa mtaani kwetu alimwagilia bilinganya zake kila jioni kwa siku tatu baada ya mvua kubwa, kwa huruma tupu, na alipong'oa mmoja tukaona pamoja kilichokuwa kinatokea chini. Mzizi wenye afya ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu kiasi. Ule ulikuwa wa kahawia, na nilipouvuta kwa vidole viwili ganda la nje lilichomoka lote kama soksi, kikabaki kiuzi chembamba katikati. Udongo ulinuka yai viza. Harufu hiyo maana yake ni kwamba hewa imekwisha kabisa huko chini.

Kwenye nyanya kuna dalili nyingine ya mapema: vikonyo vya majani huinamia chini kama mwavuli unaofungwa, ingawa majani yenyewe bado ni ya kijani. Hiyo ni gesi ya ethilini ambayo mmea hujitengenezea mizizi inapokosa hewa. Ukiiona, una muda bado wa kutoa maji.

Maji yanaweza kukaa siku ngapi kabla mmea haujafa?

Inategemea mmea na inategemea joto. Udongo wa moto hutumia oksijeni haraka zaidi, kwa hiyo maji yaliyolala Dar es Salaam mwezi wa nne huua haraka kuliko kiasi hicho hicho Njombe kwenye baridi.

Mpapai ndio dhaifu kuliko yote. Siku mbili za mizizi kuzama zinaweza kuumaliza. Nilikuwa na mipapai mitatu kando ya ukuta, na kwa kutaka usafi nikaizungushia ukingo wa saruji ili mbolea isitoke. Masika ilipofika, ule ukingo ukawa beseni. Mvua ilinyesha usiku mbili mfululizo, na mimi nilikuwa safarini. Niliporudi majani ya chini yalikuwa ya njano na yananing'inia, wiki iliyofuata yakadondoka yote, na shina likaanza kulainika pale linapogusa ardhi. Mmoja tu ulipona, ule ambao fundi alikuwa hajamalizia ukingo wake. Matunda ya miezi sita yalipotea kwa tofali nilizozipanga mwenyewe.

Nyanya, pilipili na maharage huanza kuumia ndani ya siku moja au mbili. Bilinganya ina uvumilivu zaidi kuliko nyanya, na ndiyo maana watafiti wa mboga wa World Vegetable Center, ambao wana kituo Arusha, wamekuwa wakifundisha kubebesha, yaani kuunganisha, nyanya juu ya shina la bilinganya kwa maeneo yenye maji mengi. Kazi yenyewe inataka wembe mkali, mkono mtulivu na siku chache za kutunza miche kivulini penye unyevu, lakini inafanyika hata nyumbani.

Mhogo husimama vizuri juu huku chini unaoza, kwa hiyo uchimbue mmoja uangalie kabla hujajifariji. Matembele huvumilia majani yake yakilowa, ila viazi vyenyewe huoza. Mgomba hustahimili maji yanayopita, si yanayolala. Magimbi ndiyo yenye raha: pale pabaya kabisa panapotuama maji kila mwaka, acha kubishana na ardhi, panda magimbi.

Kiwanja changu ni tambarare na kimezungushiwa ukuta. Maji nitayatoaje?

Kwanza jiulize yanatoka wapi. Mara nyingi hayatoki mawinguni moja kwa moja, yanatoka kwenye bati. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50 kwa siku, na siku za namna hiyo zipo masika, linamwaga lita 5,000. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200. Kama paa halina gata, yote yanaanguka kwenye kamstari kamoja kando ya nyumba, pale pale tunapopenda kupanda maua.

Weka gata, hata upande mmoja tu, na uelekeze maji kwenye tangi. Tangi la lita 1,000 litajaa kwa milimita 10 tu za mvua kwenye paa la ukubwa huo, kwa hiyo lazima pawe na njia ya ziada. Hapo ndipo linapokuja shimo la kunywea maji: chimba mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo, lijaze mawe na vipande vya tofali, juu weka kokoto. Usitoboe ukuta ukamwagia jirani. Ugomvi wa maji ya mvua ukianza hauishi, na jirani naye ana watoto na bustani.

Kabla ya kuchimba, jaribu udongo wako unakunywa vipi. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30, kijaze maji yaishe, kisha kijaze tena na uangalie saa. Yakiisha ndani ya saa chache, ardhi yako ni nzuri, shida iko kwenye mpangilio tu. Yakilala hadi kesho yake, shimo la kunywea halitakusaidia sana; itabidi uinue mimea juu ya maji.

Kuinua ndiko kunakofanya kazi kwangu. Tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya njia, lenye upana unaofikia katikati kwa mkono bila kukanyaga, kama mita 1 au 1.2. Njia zinazobaki kati ya matuta ndiyo mifereji yako, na ziwe na mteremko kidogo kuelekea unakotaka maji yaende. Kingo unaweza kuzishika kwa mabanzi, tofali au magogo ya mnazi, ila acha mianya. Usirudie kosa la mipapai yangu.

Na kwa mti mkubwa ambao huwezi kuuinua? Chukua mtarimbo, utoboe matundu kuzunguka usawa wa ncha za matawi, kina cha futi moja hivi, udongo ukishaanza kukauka. Jaza matundu hayo mchanga mkavu au mboji. Hewa itapita.

Majani yamekuwa ya njano baada ya mvua. Niweke urea?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu ni: bado.

Kuna unjano wa aina mbili. Wa kwanza ni wa njaa. Mvua kubwa hushusha naitrojeni chini, mbali na mizizi, hasa kwenye kichanga. Unaanza na majani ya zamani ya chini, jani zima linapauka sawasawa, huku mmea umesimama vizuri na udongo umeshapitisha maji. Huu unataka mbolea. Wa pili ni wa kukosa hewa. Udongo bado mzito, mmea umelegea, unjano umekuja ghafla. Hapa chakula kipo, mdomo ndio haufanyi kazi. Ukimwaga urea juu ya mizizi iliyoumia unaichoma, na inayobaki inapotea kwa mvua ijayo.

Kwa hiyo, subiri uone jani jipya. Jani dogo la juu likichipua kijani, mizizi imeanza kufufuka. Hapo weka kidogo, kidogo kweli. Urea ina naitrojeni asilimia 46, ni kali. Kwa bustani ya nyumbani napendelea CAN, mbolea ya naitrojeni isiyo kali kama urea, kizibo kimoja cha soda kwa shina la nyanya, kikitawanywa mduara mbali na shina kama kiganja kimoja, kisha kufukiwa. Asiyetumia mbolea za dukani aweke mboji iliyoiva, tabaka la vidole viwili. Samadi mbichi usiweke wakati wa mvua, inaoza bila hewa na kuongeza joto na harufu.

Kwenye kichanga, gawa mbolea yako mara tatu au nne badala ya kuiweka yote mara moja. Mvua moja isikuchukulie pesa ya msimu mzima.

Nyanya zangu zilikuwa karibu kuiva, sasa zimepasuka. Zimepata ugonjwa?

Hapana. Baada ya kiangazi kidogo, mmea umepata maji mengi ghafla, tunda limevimba ndani haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Zichume zote zilizoanza kubadilika rangi kabla ya mvua kubwa, zitamalizia kuiva jikoni. Zilizopasuka leo zipike leo, kwani kesho inzi na ukungu watakuwa wameshafika.

Kitako cheusi kilichodidimia ni jambo jingine. Ni kalisiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu unyevu unapanda na kushuka. Matandazo husaidia kuliko dawa yoyote hapo.

Nitajuaje kama ni mnyauko wa bakteria au ni maji tu?

Kwa pwani yenye joto, mnyauko wa bakteria ndio adui mkubwa wa masika kwenye nyanya, bilinganya, pilipili na ngogwe. Unaona mmea wa kijani kabisa umenyauka mchana, jioni unajitutumua, siku ya tatu au ya nne umelala moja kwa moja. Jirani yake kwenye mstari anafuata, kwa sababu maji yanatembeza vimelea.

Kipimo chake kinafanyika mezani. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, kisha kining'inize kwenye glasi ya maji safi ili ncha ya chini tu izame. Tulia dakika chache bila kutikisa glasi. Kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye shina. Mara ya kwanza nilipoiona nilimwita kila mtu nyumbani aje aangalie, maana ni kitu unachokiona kwa macho yako na hukisahau. Kama maji yamebaki angavu, rudi kwenye mizizi ukaangalie hewa.

Ukithibitisha, hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaoshika mizizi, utoe nje ya bustani, usiuweke kwenye mboji. Osha jembe na viatu. Vimelea hivyo hukaa udongoni miaka, basi pale usirudishe jamii ya nyanya wala viazi mviringo. Weka mahindi, kunde au mchicha.

Kwa walioko kwenye baridi, Lushoto, Njombe, Mbeya au kule Limuru, Kenya, kinachotisha zaidi ni bakajani chelewa. Madoa ya kijani iliyokolea na kahawia kama jani limemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani asubuhi kuna ungaunga mweupe. Linaweza kumaliza bustani ya nyanya ndani ya siku chache za ukungu na manyunyu. Dawa zenye mankozebu au shaba hukinga jani ambalo bado zima. Hazimfufui aliyekwisha ugua. Pulizia siku kavu, kwa kipimo cha kibandiko, na uheshimu idadi ya siku zilizoandikwa kati ya kupuliza na kuchuma. Ni chakula cha nyumbani kwako.

Kinga bora kuliko pampu ni kuzuia tope lisiruke. Tone kubwa la mvua likigonga udongo mtupu hurusha chembe hadi majani ya chini, na chembe hizo ndizo zinazobeba ugonjwa. Tandaza nyasi kavu, pumba za mpunga au majani makavu ya mgomba, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Punguza majani ya chini ya nyanya mpaka futi moja kutoka ardhini.

Mbegu za mchicha zimesombwa zote. Nirudie mara moja?

Ngoja udongo utulie, kisha usimwage holela. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga. Chora vijistari vya kina kidogo kukinga mteremko, changanya mbegu na mchanga mkavu, sia, funika kidogo mno, kisha juu yake jenga kichanja kifupi cha makuti au weka neti. Makuti hayazuii maji, yanavunja tu nguvu ya tone. Miche ikishaota, ondoa kivuli taratibu.

Ukiona miche imeota halafu inaanguka, shina limekuwa jembamba kama uzi usawa wa ardhi, hicho ni kinyausi. Umesia kwa msongamano na unyevu umezidi. Punguza miche, punguza kivuli, acha upepo upite.

Maji ya mafuriko yalipita bustanini. Mboga zinalika?

Hapa naomba tuwe makini, kwa sababu linahusu afya ya watoto.

Maji yaliyotoka juu moja kwa moja hayana shida. Maji yaliyotoka mtaroni, mtoni au kwa majirani ni kitu kingine. Sote tunajua kinachotokea mitaani kwetu mvua kubwa inaponyesha: vyoo vya shimo hujaa, na wapo wanaotumia fursa hiyo kutapisha vyoo, uchafu uende na maji. Maji hayo yakipita kwenye mchicha wako yamebeba kinyesi, na kipindupindu kinasafiri kwa njia hiyo hiyo.

Mboga yoyote ya kuliwa mbichi iliyoguswa na maji hayo, iwe saladi, giligilani, matango au nyanya zilizokuwa chini, itupe. Kuosha hakutoshi, hata kwa maji ya chumvi au siki, kwa sababu uchafu umeingia kwenye mikunjo na mipasuko ya jani. Mchicha, matembele na mboga nyingine laini ambazo ziliguswa, kata utupe, halafu subiri chipukizi mpya. Hizo nazo zipike hadi ziive vizuri. Tunda la juu ambalo maji hayakulifikia, kama papai au pera, lioshe na ulimenye.

Na udongo? Jua na muda husafisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani kuhusu samadi mbichi hutaka siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mimi huchukua kipimo hicho hicho kwa ardhi iliyopitiwa na maji ya choo, yaani miezi minne bila kachumbari ya kutoka hapo. Muda huo panda mahindi, au mboga za kuchemshwa. Vaa viatu na glavu, kidonda chochote mguuni kifunike, na watoto wasichezee tope lile.

Kama maji yalipita kwenye gereji au yanaelea mafuta yenye rangi za upinde wa mvua, usipande cha kula pale. Ondoa udongo wa juu au uinue tuta jipya kwa udongo wa kuletwa.

Konokono wametapakaa kila mahali. Niwanyunyizie chumvi?

Chumvi itaua konokono kisha itaua na udongo. Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu, na masika hayakauki.

Wale wakubwa wa kahawia ni wenyeji wa Afrika Mashariki, na kila mmoja wao, ambaye ni jike na dume kwa pamoja, anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kazi ni kuwahi. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, uwaokote kwa glavu au mfuko, kwa sababu wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Watumbukize kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, kisha wafukie. Mchana wategee kwa kipande cha ubao kilicholazwa kwenye unyevu na maganda ya papai chini yake. Asubuhi ukigeuza, utawakuta wamejikusanya. Fanya hivyo siku tano mfululizo, tofauti utaiona.

Napanda kwenye viroba, ndoo na madumu. Mimi niko salama?

Una bahati moja: unaweza kuhamisha. Lakini ndoo isiyo na matundu ni kisima. Toboa matundu manane hadi kumi chini kwa msumari wa moto, mengine ubavuni karibu na kitako, na uiweke juu ya tofali mbili ili maji yatoke kweli. Sahani za chini ya vyungu ziondoe msimu wote wa mvua, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya mbu.

Kwenye viroba, udongo hushuka na kubana. Wakati wa kujaza, simamisha bomba au kopo lisilo na kitako katikati, jaza kokoto ndani yake, huku ukipandisha juu kadiri udongo unavyopanda. Ile nguzo ya kokoto ndiyo pumzi ya kiroba chako. Alovera na mimea mingine ya ukame isogeze chini ya paa kabisa. Ikianza kuwa laini na kung'aa chini, ng'oa, kata palipooza, iache kivulini siku kadhaa ikauke jeraha, kisha ipande kwenye mchanga.

Mgomba umeanguka na mkungu haujakomaa. Nifanye nini?

Kama umevunjika, kata mkungu, ndizi changa zinapikwa. Kama umeng'oka na mizizi, kata shina lote, chagua chipukizi moja lenye nguvu lichukue nafasi, fukia mizizi iliyo wazi. Iliyobaki iegemeze kwa miti miwili iliyofungwa kama mkasi, upande ule mkungu unaoinamia. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, nilikata theluthi ya majani ya migomba yote siku moja kabla, ili upepo usipate pa kushika. Hakuna hata mmoja ulioanguka.

Nijiandae lini kwa msimu ujao?

Kwa masika, Februari. Fuatilia mwelekeo wa mvua unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kila msimu, na usidhani vuli ni nyepesi siku zote: ya 2019 na ya 2023 zilikuwa nzito kwa sababu ya joto la bahari. Zibua mitaro, safisha gata, inua matuta, tandaza matandazo kabla tone la kwanza halijaanguka. Nyanya zako zipange ziwe zinavunwa Januari au Julai, si Aprili.

Nimepoteza kila kitu. Nianze kupanda nini?

Pole sana. Maji yakishatoka na tonge la udongo likivunjika mkononi, nenda kwa jirani mwenye matembele, muombe marando. Kata vipande vya urefu wa futi moja, toa majani ya chini, laza nusu ndani ya tuta lililoinuliwa, nusu nje. Hayahitaji mbolea wala dawa. Wiki ya kwanza yatalegea, usihangaike nayo. Ya pili utaona vijani vidogo vya zambarau kwenye vifundo, na ndani ya wiki sita hivi utachuma sufuria ya kwanza.